Mnatafutaje makala za litrecha rivyu? Supavaiza kanirudishia proposo

Kichwa_Ngumu_MD
Wakuu habari za mida hii, naombeni msaada hasa mliopita vyuo vya afya. Niko mwaka wa nne MD (udaktari), proposo ya utafiti inatakiwa mwisho wa mwezi, mada yangu ni upungufu wa damu kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki za wilaya moja huku kwetu. Supavaiza kairudisha na maneno matatu tu ya kalamu nyekundu, "hujatafuta, umeokota tu". Mimi niliingia Google nikaweka mada yangu nikachukua zilizokuja mbele, nyingine nimesoma abstrakti (ule muhtasari wa mwanzo) peke yake maana ukibonyeza makala yenyewe unadaiwa dola thelathini na kitu, hiyo pesa si ndo bumu la wiki nzima. Mwaka wa kwanza tulipelekwa maktaba siku ya orientesheni, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa chini, mkutubi anaonyesha kwenye projekta sijui PubMed sijui Hinari, mitandao ya kutafutia makala za tiba, hapo hata anatomia hatujaanza jamani nani angeshika? Mwenzetu mmoja yeye kapewa marejeo na ChatGPT, supavaiza akabonyeza DOI (kiungo cha makala) ya kwanza ikampeleka kwenye makala ya ufugaji wa samaki. Sasa nauliza, Hinari nikiwa nje ya chuo naipataje, na nyie mnatafutaje mpaka mtu anaridhika? Msinitume kwenye desa tafadhali, madesa ninayo.

Jiwe_la_Pembeni
Maktaba ipi hiyo mkuu 😂 kwetu kazi yao ilikuwa kukagua mabegi mlangoni na kutuambia tunyamaze. Nenda Telegram kuna magrupu ya PDF, vitabu vyote vipo bure, unachukua unasepa.

intern_wa_usiku
@Jiwe hizo PDF za Telegram ndo zinawaponza watu. Mdogo wangu hebu chukua mfano wa mada yako mwenyewe, ukifungua kitabu cha zamani utakuta mjamzito mwenye hemoglobini chini ya 11 (gramu kwa desilita) ana upungufu wa damu, kwisha, mimba changa mimba kubwa zote 11. WHO wametoa mwongozo mpya 2024, miezi mitatu ya kwanza ni 11, ya kati ni 10.5, ya mwisho ni 11, na kuna marekebisho ya mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kama wilaya yako ipo milimani kama Makete huwezi kuchukua namba kavu kavu ukaingiza kwenye SPSS (ile programu ya takwimu). Ukikosea hapo idadi yako yote ya wagonjwa imekuwa ya uongo kabla hata hujaenda fildi.

Na siyo mambo ya proposo tu. Wapo watu wamesoma toleo la zamani la kitabu cha magonjwa ya watoto linalosema malaria kali dawa ni kwinini ya mshipa, wakati utafiti wa AQUAMAT ulishatoka kwenye jarida la The Lancet 2010, watoto 5,425 nchi tisa za Afrika na Tanzania ikiwemo, waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5 na wa kwinini 10.9. Mwaka uliofuata WHO wakabadilisha. Watoto wetu wenyewe ndo walikuwa kwenye huo utafiti halafu sisi tunasoma PDF isiyoujua, inauma.

Mama_Rafu
Mimi ni mkutubi wa chuo cha afya, humu huwa napita kimya kimya ila leo ngoja niseme. Mwanangu Kichwa Ngumu, usichoke kusoma, nitaandika ndefu.

Kwanza acha kuandika mada nzima kama sentensi. Ivunje. Ni akina nani (wajawazito), ni nini (upungufu wa damu), ni wapi (Tanzania), na kama mada yako ina kulinganisha kundi na kundi basi hicho nacho kiwe kipande chake. Kila kipande kitafutie majina yake yote, mwingine kaandika anaemia kwa Kiingereza cha Uingereza, mwingine anemia, mwingine kataja hemoglobini tu. Majina ya kipande kimoja unayaunga kwa OR, halafu kipande na kipande unaviunga kwa AND. Na mabano! PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ukiandika anemia AND pregnancy AND Tanzania OR Uganda bila kuziweka hizo nchi mbili ndani ya mabano itakumwagia kila kilichoandikwa kuhusu Uganda, hadi magonjwa ya ng'ombe.

Pili, kuna kitu kinaitwa MeSH, ni orodha ya istilahi wanayotumia maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani kuzipanga makala tangu 1960. Ukiandika neno la kawaida PubMed yenyewe inajaribu kulioanisha na istilahi yake, ndo maana heart attack inakuletea hata za myocardial infarction. Ila ukiweka ile nyota mwishoni ili ishike miisho yote ya neno, mfano pregnan*, inaacha kuoanisha hilo neno, kwa hiyo nyota siyo ya kuchezea kila mahali. Ingia sehemu ya Advanced, fungua maelezo ya utafutaji wako, utaona imekuelewaje. Hapo ndo wanafunzi wengi wanashtuka.

Tatu, PubMed siyo ghala la makala, ni katalogi. Ni bure tangu 1997 na ina rekodi zaidi ya milioni 35, lakini makala nzima zinakaa kwa wachapishaji. Za bure kabisa zimo PubMed Central. Zinazodai dola ndo unazifuata Hinari, mpango wa WHO na wachapishaji tangu 2002, Tanzania ipo kundi A maana yake chuo hakilipi chochote. Anayesajiliwa ni chuo, siyo wewe, kwa hiyo akaunti unaomba maktaba na nje ya chuo inafanya kazi vizuri tu. Na hili lishikeni, ingia Hinari kwanza halafu ndo ufungue PubMed ukiwa humo humo, ukianzia nje utaombwa hela wakati haki yako unayo.

Majarida mengi ya kwetu hayamo PubMed, kwa hiyo pitia na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Kila unachotafuta andika tarehe, maneno uliyotumia na zimekuja ngapi. Supavaiza akiona hiyo karatasi hawezi kukuambia umeokota.

@Jiwe mabegi tunakagua kwa sababu vitabu vinaibiwa baba. Na hilo somo la siku ya orientesheni siyo sisi tunaolipenda, tunaomba kila mwaka tuletewe wanafunzi wakati wa proposo, tunajibiwa ratiba imejaa.

Kichwa_Ngumu_MD
Shikamoo mama. Nimejaribu sasa hivi kwa simu, aisee zimekuja za Mwanza, za Moshi, za Rufiji, vitu ambavyo Google haikunionyesha kabisa. Akaunti ya Hinari kesho asubuhi nipo mlangoni kwenu wakutubi, begi naacha hosteli.

tutor_nesi
Ongezea Zotero, ni ya bure, inakusanya marejeo na kuyapanga kwenye Word, utanishukuru siku supavaiza akisema badilisha mtindo wa marejeo yote. Na ukitumiwa imeili na jarida linakusifia sana kwamba litachapisha makala yako ndani ya siku tatu ukilipa, kimbia. Angalia kama lipo DOAJ kwanza, ile orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa.

Jiwe_la_Pembeni
Mama Rafu samahani kwa yale ya juu. Sisi tulioko hospitali za wilaya, chuo tushamaliza, hiyo Hinari hatuwezi kupata?

Mama_Rafu
Mnaweza, hospitali nayo inasajiliwa kama taasisi. Mwambieni katibu wa afya ajaze fomu kwenye tovuti ya Research4Life, Hinari ipo chini yake, mchague mtu mmoja wa kuishika akaunti.

Jiwe_la_Pembeni
Katibu wetu hata imeili anafunguliwa na dada wa masjala.

Mama_Rafu
Basi akaunti aishike huyo dada wa masjala, katibu aidhinishe tu.