Mboji ya magugumaji inanidhoofishia miche ya chainizi, naombeni ushauri

Mche_Mbichi: Mwangaluka wakuu. Niko Buswelu, hapa Mwanza, nina bustani ya chainizi na mchicha. Nimetengeneza mboji mwenyewe kwa magugumaji, majani makavu na samadi kidogo. Tangu niitandaze, miche inageuka njano kuanzia majani ya chini. Nakosa usingizi, kuna mama wa genge nimeshamwahidi mboga. Niongeze nini?

Babu_Kisesa: Vijana hamtaki kufuga. Samadi ya ng'ombe iliyolala msimu mzima inatosha, sisi ndiyo tuliyokulia.

Dada_Nyegezi: Mimi nilifukia vichwa vya sangara kwenye lundo. Mchana kenge, usiku paka wa mtaa mzima. Mwenye nyumba akanipa notisi!

Jembe_Butu: Mkuu, majani ya chini kuwa njano mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Mboji ikiwa mbichi, vijidudu vinavyoozesha takataka hujichukulia kwanza, mche unabaki na njaa. Lundo limekaa muda gani? Na magugumaji uliyatoa wapi?

Mche_Mbichi: Mwezi haujaisha. Ila lilipata moto vizuri, hata mkono hauingii.

Jembe_Butu: Umeruka swali. Uliyatoa wapi?

Mche_Mbichi: Pale Mto Mirongo unapoingia ziwani. Lakini niliyaosha na kuyaanika. Na nimeshatandaza karibu matuta yote, siwezi kuanza upya.

Jembe_Butu: Hapo ndipo penye tatizo. Mirongo unapita katikati ya jiji na kubeba uchafu wake, na gugumaji hunyonya metali nzito zenye sumu, kama madini ya risasi (lead), hasa kwenye mizizi. Lundo likifika nyuzi 55 hadi 65 mbegu za magugu na vimelea vingi hufa. Risasi haifi, haiozi, wala haitoki kwa ndoo ya maji.

Mtoto_wa_Mwaloni: Uzi wa kutunga huu. Juzi ulikuwa Kahama unauliza bei ya pawatila, leo una bustani Buswelu. Weka picha.

Mche_Mbichi: Pawatila ni ya shemeji. Picha jioni, simu inazima chaji.

Dada_Nyegezi: Hata kama katunga, wapo wanaochota pale pale. Mwacheni ajibiwe.

Jembe_Butu: Kwangua yote, ipeleke kwenye maua.

Mche_Mbichi: Yote hapana, mkuu. Matuta mawili ya mwisho sijatandaza, hayo nitaweka samadi.

Jembe_Butu: Basi mama wa genge muuzie ya hayo mawili tu.