Kupe kwenye malisho: kujikinga na kumtoa akishaganda

Mwendo_Pole: Wakuu, kikundi chetu kitatembea kwa miguu siku mbili kwenye malisho upande wa Monduli. Majani yanafika magotini na ng'ombe ni wengi. Tujikinge vipi na kupe? Na akishaganda anatolewaje? Nasikia ukimpaka mafuta ya taa anaachia mwenyewe.

Daktari_Mifugo: Mafuta ya taa hapana. Vaselini na moto wa kiberiti pia hapana. Kupe akisumbuliwa anaweza kumwaga mate zaidi kwenye jeraha, na vimelea vya homa hupitia humo humo. Tafuta kibano chenye ncha nyembamba. Mbane pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, usimbane tumbo, kisha vuta kuja juu polepole bila kumzungusha wala kumnyofoa ghafla. Wale wakubwa wenye mabaka ya rangi mgongoni wana mdomo mrefu, kwa hiyo endelea kuvuta kwa nguvu ileile mpaka aachie. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa kibano, usichokonoe na sindano; ngozi itakisukuma nje. Osha kwa sabuni au spiriti. Usimpasue kwa kucha.

Nyika_Kaskazini: Kwenye kinga: kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini. Hupanda jani, akanyoosha miguu ya mbele na kusubiri. Hao wenye mabaka ni wabaya zaidi, wakihisi pumzi yako wanakufuata chini kwa chini. Kwa hiyo msipumzike kwenye kivuli wanapolala ng'ombe, hata jua liwe kali vipi.

Vaeni suruali ndefu ya rangi nyepesi, mwisho wake ndani ya soksi. Permethrini (dawa ya kuua wadudu) ya asilimia 0.5 nyunyizieni nguo na viatu siku moja kabla, zikauke kabisa, haipakwi mwilini. Ngozini ni dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30. Na tafadhali sana, dawa ya kuogeshea ng'ombe msijipake, ni sumu.

Jioni kagueni kinena, makwapa, nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Watoto wa kupe ni kama punje za mchanga na huja kundi zima; seloteipu huwabandua kabla hawajaganda. Kufua kwa maji baridi hakuwaui, pasi ya moto inawaua.

Mwendo_Pole: Asanteni sana. Na homa je? Usiku tutalala nyumba ya udongo.

Muuguzi_Zahanati: Hapo kuna papasi pia, yaani kupe wa ndani ya nyumba. Huyo hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, hunyonya usiku kama nusu saa na kuondoka, hutamkuta mwilini. Msilale sakafuni: kitanda kisiguse ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Homa yake hupoa kisha hurudi, na vimelea huonekana kwa hadubini damu ikichukuliwa homa ikiwa juu.

Homa ya kupe wa malisho huanza kama siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa: kichwa kuuma, tezi kuvimba, na mara nyingi kidonda chenye kigaga cheusi. Mtajie daktari kupe bila kuulizwa, maana kipimo cha malaria kikitoka hasi mnaweza kuambiwa ni uchovu tu. Dawa yake ni doksisaiklini kwa maelekezo ya daktari. Hainywewi kabla ya safari kama kinga ya kupe.