Monita ya pili yakataa kuwaka kwa habu ya USB-C, niongeze hela ninunue doki?

bi_kisauni
Asalaam aleykum wenzangu, na wale wengine habari za leo. Nisaidieni kabla sijatupa hela tena. Mimi nafanya hesabu za watu nikiwa nyumbani, nna wateja watatu wa nyumba za kupangisha wageni huku Nyali na Bamburi na mmoja wa spea za magari, kwa hivo kutwa nzima ni Excel upande huu na taarifa za M-Pesa upande huu, na laptopu yenyewe ni ya inchi 14, macho yamenitoka. Nikasema hapana, na mimi nitaweka monita mbili mezani kama wale wa benki.

Monita nimepata mbili za mtumba, zile za ex-UK, inchi 24, 9,500 kila moja, tulizijaribu dukani zikawaka vizuri. Habu, kile kidude cha kuongeza matundu, nimenunua 2,800, ina HDMI mbili za picha, USB tatu na tundu la chaja. Laptopu ni ya Windows, ina HDMI moja, USB-C moja na USB za kawaida mbili. Sasa kufika nyumbani, monita ya kwanza nimeichomeka kwa HDMI ya laptopu yenyewe yawaka, ya pili kwa habu, kimya. Maus kwa habu yaenda, flashi yasoma, lakini monita yaniandikia hakuna signali halafu yalala. Nimebadilisha waya, nimezima nimewasha, mpaka nimepuliza matundu. Nikampigia muuzaji aniambia habu ni ndogo, niongeze nichukue doki kubwa ya 14,000 ndo itawaka. Nimebaki na kama 12,000 hivi. Nimwamini? Na chaja ya laptopu ni ile ya pini ya duara, sjui kama ni muhimu kusema.

wa_gatini
Mimi nimeona doki nikafungua mbio nikajua yauzwa ile ya meli bandarini Kilindini 😂 samahani bibie, endeleeni, wenye kujua waja.

fundi_makupa
Dada usimpe mtu 14,000 bado.

USB-C ni umbo la tundu tu. Ndani yake laweza kupeleka data, laweza kupeleka moto wa chaja, laweza kupeleka picha, na ni kiwanda kilichoamua lipi kitie lipi kiache. Utaona laptopu mbili matundu kama pacha, moja yatoa picha nyingine haitoi. Na hiyo habu haitengenezi picha, yenyewe yapokea picha inayotoka kwa laptopu yaigeuza iingie kwa HDMI, sasa tundu likiwa halitoi picha habu itatoa wapi? Doki kubwa nyingi ni vivyo hivyo, tofauti ni kasha zito na adapta yake ya stima. Utakuwa umenunua giza lile lile kwa bei ya juu.

Chukua tochi ya simu umulike kando ya tundu. Ukiona radi yenye kichwa cha mshale hiyo ni Thunderbolt, picha iko. Ukiona D na P zimeshikana hiyo ni DisplayPort, picha iko. Ukiona ile alama ya uma wa meno matatu na SS peke yake, mara nyingi ni data tu. Lakini ziko laptopu hazina alama yoyote na picha zatoa, kwa hivo usiishie hapo, igeuze chini usome namba ya modeli yote mpaka zile herufi za mwisho, halafu utafute kwa tovuti ya aliyeitengeneza, pale wanapoorodhesha matundu. Sio kwa tangazo la muuzaji. Na hiyo chaja ya pini ya duara umefanya vizuri kusema, sio ushahidi kamili lakini yanitia shaka hilo tundu la USB-C ni la data tu.

mjukuu_wa_mji_wa_kale
Kabla ya yote, waya wa habu umeshikana nayo au ni wa kuchomeka? Nauliza manake mimi monita yangu ya USB-C niliitukana wiki mbili kumbe nimetumia waya wa chaja ya simu. Zile nyaya nyingi ni USB 2, mwendo wa 480 Mbps, chaji zapeleka, picha hazina hata njia ya kupitia. Kwa macho zafanana kabisa.

Na wale wa MacBook mtakaosoma hapa baadaye, msininunue habu ya HDMI mbili. Nilifanya hivo na MacBook Air yangu ya chipu ya M1, monita zote mbili zikaleta picha moja, yaani kama kioo na kivuli chake. Kosa langu, sikusoma. Air za M1 na M2 zimepangiwa skrini moja tu ya nje, M3 zatoa mbili ukifunga kifuniko, M4 ndo mbili na yake yenyewe ikiwa wazi. Na juu ya hiyo, ile njia ya kugawa picha moja iwe mbili ndani ya habu, wanaiita MST, Windows yaielewa ila macOS haitaki.

bi_kisauni
Waya wa habu umeshikana nayo. Nimemulika, nimeona uma na SS, hakuna kingine. Nimetafuta modeli kama alivyosema fundi, ukurasa wa kampuni umeandika USB-C ya kuhamisha data peke yake. Peke yake! Yule kijana dukani alinishikia ile habu mkononi akaniambia mama hii yakubali laptopu zote.

fundi_makupa
Yakubali zote kwa maus na flashi, hapo hakudanganya 😄

Sasa laptopu yako tundu la kweli la picha ni HDMI tu, hiyo imeshachukuliwa na monita ya kwanza. Ya pili tafuta adapta ya DisplayLink. Hiyo ni kitu kingine kabisa, ina chipu yake: programu ndani ya laptopu yaikunja picha yaituma kama data ya kawaida, adapta yaikunjua huko mbele. Kwa hivo haijali kama tundu latoa picha au halitoi, hata USB ya kawaida yafaa mradi iwe USB 3, mara nyingi utaiona bluu ndani. Ubaya wake yaitumia prosesa ya laptopu, michezo ya kukimbizana utachukia, lakini Excel na risiti hutajua tofauti. Mwambie muuzaji jina DisplayLink kwa herufi, aone limeandikwa kwenye boksi, akikwambia hii ni kama hiyo hiyo, ondoka.

wa_gatini
Nimerudi na akili sasa. Ofisini kwetu tulibadilisha, wakaleta doki za mtumba za Dell WD19 kwa wale wenye laptopu zinazokubali. Nzuri sana, waya mmoja tu, waingia asubuhi wachomeka na chaji na monita mbili na intaneti ya waya. Ila anayenunua mtumba aangalie mambo haya. Adapta yake ije nayo, zile kubwa kama tofali, yetu moja ilikuja bila, tumeitafuta mwezi mzima. Pili ukunje kidogo ule waya pale unapotokea kwa doki, huku monita ikiwa imewashwa, ikipepesa rudisha, hapo ndo pafapo kwanza. Na laptopu isiyo ya Dell WD19 yaipa hadi 90W, kwa wengi hiyo yatosha na kubaki.

Na bi_kisauni hizo monita ulizijaribu kuwaka, lakini uliweka rangi nyeupe skrini nzima? Fungua ukurasa mtupu uijaze, halafu nyeusi, halafu nyekundu. Vidoti vilivyokufa na njano za pembeni hazionekani dukani wanapokuwekea video ya samaki.

bi_kisauni
Nimejaza nyeupe. Moja safi, moja ina kidoti kimoja chini kabisa kulia, pale pa saa. Nitaishi nacho.

mama_wa_mtwapa
Mwanangu unisikize na mimi, nimefanya kazi ya kompyuta miaka mingi huku kando ya bahari. Usiiweke hiyo meza chini ya dirisha linaloangalia bahari. Upepo ule una chumvi, utakuta matundu yamefanya kutu ya kijani na hujamaliza mwaka. Usiku zifunike, mimi natumia leso tu, lakini ngoja zipoe kwanza. Laptopu usiifunge kifuniko ukaiacha inafanya kazi kwa meza, joto la Februari na pangaboi lenyewe lazungusha hewa ya moto, iache wazi iwe skrini ya tatu. Monita ziinue mpaka ukingo wa juu uwe sawa na macho yako, shingo ikianza kuuma haiachi. Na stima ikirudi kwa kishindo ndo yaua vitu, nunua gadi ile ya TV uchomeke ekstensheni yote hapo.

bi_kisauni
Shukran mama, dirisha langu laangalia ukuta wa jirani kwa hivo chumvi itabidi izunguke 😂 ila gadi nitanunua.

Mrejesho, siku tisa baadaye. Adapta ya DisplayLink sikuipata hapa mjini, niliuliza Digo Road yote wakinitolea habu zile zile, mwisho nimeagiza Nairobi ikaja na basi la usiku, 6,200 pamoja na usafiri. Nimeichomeka USB ya bluu, Windows ikajitafutia programu yake, dakika tatu kioo cheusi nikaanza kusoma dua, ikawaka. Monita mbili na laptopu katikati! Hesabu za mwezi nimezifunga siku mbili badala ya nne.

Tatizo jipya: maus yangu isiyo na waya imeanza kurukaruka. Nikiisogeza pole pole yaganda halafu yaruka mpaka kona. Betri mpya. Ni hii adapta imeileta?

fundi_makupa
Kile kidude cha maus umekichomeka wapi?

bi_kisauni
Kwa habu, kando ya flashi ya bakapu.

fundi_makupa
Basi ni hapo. USB 3 ikifanya kazi yatoa kelele za redio karibu na 2.4 GHz, na maus yako yazungumza hapo hapo 2.4, kwa hivo flashi yaipigia maus kelele sikioni. Kihamishe kidude uchomeke upande wa pili wa laptopu mbali na habu na adapta, au tafuta kiwaya kifupi cha kurefusha USB ukisogeze karibu na mkono wako.

bi_kisauni
Nimekihamisha. Imetulia hapo hapo. Wallahi ningenunua maus nyingine kesho.

wa_gatini
Sasa hiyo habu wafanyia nini tena? Laptopu yangu ina alama ya radi. Wauza ngapi?

bi_kisauni
1,800, na uje uichukue Kisauni mwenyewe. Uje na laptopu tuijaribu kwa monita zangu usije ukanitafuta baadaye.