Pushapu za kichwa chini bila ukuta zinanishinda, naombeni ushauri

Tizi la Uani: Wakuu salaam. Nipo Arusha, Kijenge, napiga tizi nyumbani tu, jimu kwa sasa mfuko haujaruhusu. Uani pana sakafu ya saruji, ukuta wa fensi na stuli, basi. Pushapu za kusimama kwa mikono nikiwa nimeupa ukuta mgongo, visigino vimeegemea, napiga 8 hadi 10 safi. Kusimama kwa mikono tu bila kuegemea popote nakaa kama sekunde 15. Kimbembe ni kuunganisha: nisimame katikati ya ua, nishuke mpaka kichwa kiguse chini, halafu nipande. Nikifika nusu miguu inapitiliza, naanguka chali. Siku nikibahatika kufika chini, kupanda ng'o. Nguvu naona ninayo, sasa shida iko wapi?

Mla Ndizi: Mimi pushapu 5 za kawaida naanza kutafuta maji. Naweka kambi hapa.

Chuma Kizito: Mabega bado mkuu. Tafuta mahali penye vyuma, sukuma chuma juu ya kichwa kwa miezi kadhaa mpaka ukaribie uzito wako, ndiyo urudi. Hayo mengine mbwembwe.

Dada wa Sarakasi: Chuma Kizito, chuma kinasaidia sikatai, lakini huyu kijana anayepiga 8 ukutani tayari anasukuma karibu mwili wake wote. Ukimwongezea nguvu bila kumwonyesha njia, ataanguka chali akiwa na mabega makubwa zaidi.

Mdogo wangu, tatizo lako ni huo ukuta wa mgongoni. Ukiegemeza visigino, ukuta unakubebea miguu. Unashuka utakavyo, miguu ikilala upande wa mgongo inapokelewa, hujui hata kwamba ulikuwa unaanguka. Katikati ya ua hakuna wa kuipokea.

Bila ukuta, hushuki wima kama ndoo kisimani. Viwiko vikikunja, mabega lazima yatoke yaende mbele ya vidole, na kichwa kiguse chini mbele ya mikono, si katikati yake. Chora alama tatu kwa chaki: kiganja, kiganja, kichwa. Zikitokea kwenye mstari mmoja umekosea, zikitoa pembetatu uko sawa. Sasa kwa kuwa mabega yameenda mbele, miguu nayo irudi kidogo upande wa tumbo ili uzito ubaki juu ya viganja. Kupanda ni hivyo hivyo kinyumenyume: unasukuma sakafu huku mabega yakirudi juu ya mikono na miguu ikinyooka pamoja nayo. Wengi wanasukuma juu tu, mabega yanabaki mbele, mgongo unapinda, ndipo wanapogota. Wewe ukifika chini hupandi kwa sababu hiyo, nakuapia.

Kwa hiyo geuka. Uangalie ukuta, tumbo upande wa ukuta, vidole vya miguu tu ndivyo viguse, mikono iwe mbali na ukuta kidogo kuliko ulivyozoea. Shuka kwa sekunde 4 au 5, kichwa kikienda mbele kutoka ukutani. Utashangaa, hizo 8 zako zitakuwa 2. Usivunjike moyo, hiyo 2 ndiyo hesabu yako halisi.

Na viwiko visitawanyike kama mbawa za kuku anayeota jua. Viangalie nyuma, nyuzi 45 hivi kutoka mbavuni.

Tizi la Uani: Duh! Nimejirekodi na simu kwa ubavuni jioni hii. Kichwa kinatua katikati ya viganja kabisa, na kiuno kimepinda kama upinde. Nimegeuka kama ulivyosema dada, nimepiga moja, ya pili nikagotea chini. Sasa mama mwenye nyumba alishaanza kunung'unika nyayo kwenye rangi yake, na huku sasa nitakuwa naburuza vidole. Halafu vifundo vya mikono vinauma asubuhi.

Dada wa Sarakasi: Vaa soksi nzito, zinateleza vizuri na hazichori. Siku ukuta ukiwa na kesi, tumia stuli: weka miguu juu yake, kiuno juu, mwili kama V iliyopinduliwa, piga pushapu kichwa kikienda mbele ya vidole. Seti 4 za 6 zinatosha kukutoa jasho, na zinafundisha njia ile ile.

Zamu ya Usiku: Mimi ni nesi, niongezee kwenye vifundo. Msimu huu wa baridi, Juni na Julai, asubuhi ya Arusha mtu anatoka kitandani moja kwa moja anaweka mwili mzima juu ya viganja. Pasha kwanza dakika 5: piga magoti, viganja chini, sogea mbele na nyuma taratibu, kisha geuza vidole vikuangalie urudie. Maumivu ya uchovu yanayoisha ukishapata joto si ya kutisha. Ukisikia ganzi, kidole kinakufa, au maumivu yanachoma sehemu moja ile ile, pumzika na ukaonwe. Na wengine mnaosoma: mwenye presha ya kupanda au presha ya macho asijaribu kukaa kichwa chini kabla ya kuongea na daktari.

Chuma Kizito: Haya, nimekubali pembetatu. Ila kwa vifundo, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea vishikio viwili vya bomba, kifundo kinabaki kimenyooka. Sikukatalii chuma kabisa hahaha.

Dada wa Sarakasi: Vishikio ni vizuri, ila vinaongeza kina, kichwa kinashuka chini ya usawa wa mikono. Aweke mto au matofali mawili yenye blanketi juu, kichwa kipate pa kutua.

Tizi la Uani: Nifanye siku ngapi kwa wiki? Na bila ukuta nianze lini?

Dada wa Sarakasi: Za nguvu siku 3, usizifuatanishe. Kusimama tu kwa mikono, dakika 10 karibu kila siku, vidole vikikandamiza sakafu kila miguu inapotaka kupitiliza. Ukifika sekunde 30 bila kutembeatembea, na za kuangalia ukuta ukipiga 5 safi, ingia katikati ya ua. Anza na kushuka peke yake: ukifika chini kaa kwenye pembetatu, teremsha miguu, inuka, rudia. Kabla ya hapo jifunze kuanguka kwenye nyasi: ukiwa juu, geuza mkono mmoja utoke kwa ubavu, ukiwa chini, kidevu kifuani, ubingirike.

Mla Ndizi: Nyasi zenyewe tutazipata wapi Kijenge?