Siku ya tisa: binti ananyonya jioni nzima, mama mkwe anataka apewe maji

Mama Kitinda, Nzuguni

Jamani wazazi wenzangu, nisaidieni kabla sijakosana na mama mkwe. Nimejifungua binti, uzazi wa kwanza, leo siku ya tisa. Alizaliwa na kilo 3.1. Juzi kliniki wamempima, kilo 2.9. Nesi akaandika kwenye kadi, akasema "mnyonyeshe sana", akaita mwingine. Nimerudi nyumbani na hiyo 2.9 kichwani kama deni la dukani.

Mchana hanisumbui, analala hata saa nne mfululizo. Balaa ni jua likizama: titi la kulia, la kushoto, la kulia tena, nikimtoa analia, hadi saa nne usiku. Siku ya tatu matiti yalijaa yakawa mawe, sasa yamelainika, nikiyabonyeza naona kama hayana kitu. Chuchu ya kushoto imechanika. Akiishika tu nakunja vidole vya miguu. Jana alicheua maziwa yana damu, nikapiga ukunga nyumba nzima ikaamka. Kumbe damu ni yangu.

Mama mkwe katoka Kongwa kuja kunilea, na kweli ananilea: maji ya moto, uji wa ulezi na karanga, mlenda, ndoo sigusi. Ila anasema kwa jua hili na upepo huu wa Dodoma kichanga hakai bila maji, na kwamba maziwa yangu ni mepesi. Jana nimemkuta kashika kikombe cha glukosi ya vuguvugu na kijiko. Nikasema, "Mama, kliniki wamekataza." Akajibu taratibu tu, "Mwanangu, nimelea sita, wote wazima." Hapo unajibu nini? Mume wangu akisikia hivyo anakumbuka ghafla kuna mpira.

Je, maziwa yangu yanatosha kweli?

Mama Watatu, Chamwino

Hongera mzazi, pole na uchovu. Mbona hujasema la maana: anakojoa? Mizani utaiona mara moja kwa wiki, nepi unaiona kila siku. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi sita zilizolowa au zaidi kwa siku na choo cha njano laini, basi maziwa yanaingia.

Matiti kulainika usiogope, yamezoea. Na hiyo ya jioni wangu wote watatu walifanya, nilikuwa nakula ugali kwa mkono mmoja.

Maji usimpe. Wa kwanza nilimpa, nilishauriwa hivyo hivyo kwa sababu ya jua. Wiki ya tatu kaharisha, tukalala wodini siku nne. Sitaki hata kukumbuka yale macho yalivyozama.

Mkunga Mstaafu

Binti yangu, kichanga kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida. Wako amepungua gramu 200, hiyo haijafika hata asilimia saba. Tunataka arudie uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki mbili. Kwa hiyo huo usingizi wa mchana unaousifia ndio unaonitia wasiwasi mimi. Kwa sasa usimwache apitilize saa tatu mfululizo bila kunyonya. Mvue nguo, mkune nyayo, mweke titini. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Asiponyonya mchana, deni anakuja kulidai jioni, na ndicho anachokufanyia.

Chuchu sasa. Mtoto akiachia, iangalie: ikitoka imebanwa upande kama kalamu iliyochongwa vibaya, anashika ncha tu. Mgeuze tumbo lake liguse tumbo lako, pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu, subiri. Subiri apanue kama anayepiga mwayo, ndipo umvute yeye kwenye titi, usimpelekee titi. Kidevu kitangulie kuzama, na weusi wa titi uingie zaidi upande wa chini. Ikiuma baada ya zile sekunde za mwanzo, usivumilie: ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo, mwachishe, anza upya. Ukimaliza kamua matone, paka kwenye kidonda, acha yakauke. Damu aliyomeza haimdhuru.

Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, kwa hiyo jua la Dodoma limeshapigiwa hesabu. Ukimjaza glukosi, tumbo linashiba, titi halinyonywi, na titi lisiponyonywa halitengenezi.

Akigoma kunyonya, akipata homa, akilegea haamki au macho yakiwa manjano, nenda hospitali muda huohuo. Na wewe vilevile, titi likiwa jekundu, gumu, na una homa.

Baba Pacha, Ipagala

Mimi niseme na huyo wa mpira. Ndugu, huyo ni mama yako, si wa mkeo. Neno likitoka kwako ni mazungumzo, likitoka kwa mke ni ubishi. Mimi nilimpeleka mama kliniki akasikia mwenyewe. Yakaisha.

Mama Kitinda, Nzuguni

Narudi na majibu. Leo siku ya kumi na nne, kilo 3.15! Kumwamsha mchana ilikuwa kazi, huyu mtoto hata ukimkuna nyayo anakunja uso tu. La kushoto bado linauma asubuhi, lakini limefunga.

Mume alimsomea mama yake ujumbe wa Mkunga wote, polepole, yeye anachambua mlenda. Hakusema kitu. Kesho yake nikamwona amesimama kwenye kamba ya nguo ananyooshea nepi kidole, moja moja. Akaingia ndani: "Tisa, na jua halijazama." Sasa ndiye msimamizi, akikuta sita saa kumi jioni ananiuliza nimefanya nini mchana.

Glukosi anakunywa mwenyewe.