Nguza Karl-i-Bond: muhanga wa Mobutu ao mshirika wake? Tujadiliane

Mtoto wa Kamalondo:

Jambo ndugu zangu wa L'shi, Lubumbashi yetu, na popote mlipo. Naleta huu mjadala juu wiki iliyopita tulikuwa kwenye kilio hapa kwetu, usiku, tumezunguka moto, wazee wawili nusura washikane mashati. Mmoja alisema Nguza, yule mwanasiasa wetu wa zamani, ni shujaa wa Katanga, rais Mobutu alimhukumu kifo na bado akasimama. Mwingine, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, akaweka kikombe chake chini polepole akauliza, shujaa gani anarudi kwa miguu yake mwenyewe kumtumikia aliyetaka kumuua? Basi kilio kikageuka bunge mpaka jogoo wakawika. Mimi pale nilinyamaza sababu wale ni baba zangu, lakini hapa nataka tuseme wazi.

Kwa wadogo ambao hawakuikuta Zaire, Congo yetu ya wakati wa Mobutu, nawapa kwa ufupi. Nguza alizaliwa 1938 kule Musumba, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, na alikuwa mpwa wa Moïse Tshombe, yule aliyeongoza Katanga ilipojitenga, huyu huyu mwenye sanamu hapa mjini. Akaingia mapema kazi ya mambo ya nje, akatumikia ambasade yetu kule Brussels, halafu Umoja wa Mataifa kule Geneva, na 1972 akawa waziri wa mambo ya nje akiwa na miaka 33 tu. Kumbukeni kwamba Tshombe mwenyewe alihukumiwa kifo 1967 na mahakama za Mobutu bila kuwepo, akatekwa ndani ya ndege, akafia Algeria 1969. Kwa hiyo mpwa alijua vizuri anamtumikia nani. Hilo mimi siwezi kuliruka.

1976 akarudishwa wizara ile ile na huko Ulaya wakaanza kumtaja kama mtu anayeweza kumrithi Mobutu. Kwa utawala wa aina ile kutajwa hivyo ni kuchimbiwa kaburi ukiwa unatembea. Machi 1977 waasi wa FNLC wa Nathaniel Mbumba wakavuka kutoka Angola, wakashika Dilolo, Kapanga, Kisenge, wazee wetu wanaiita vita ya siku 80, mpaka Morocco ikaleta askari 1,500 waliobebwa na ndege za Ufaransa. Wengi wa wale waliovuka walikuwa watu wa huku kwetu, na wengine ni jandarma wa zamani wa Tshombe. Vita ilipoisha Mobutu akatafuta mtu wa kubeba mzigo. Agosti Nguza akakamatwa, wakasema alijua mpango wa uvamizi akanyamaza, na Septemba akahukumiwa kifo kwa uhaini.

Halafu ndiyo mambo yanakuwa ya ajabu. Hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, 1978 akaachiliwa, 1979 akawa waziri wa mambo ya nje TENA, 1980 akawa waziri mkuu, wakati ule walisema komisera wa kwanza wa serikali. Toka kuhukumiwa kifo mpaka kiti cha pili cha nchi, miaka mitatu. Aprili 1981 akajiuzulu akiwa Brussels akabaki huko, Septemba akaenda Washington kutoa ushuhuda mbele ya wabunge wa Marekani, akasema wazi namna Mobutu anavyoiba, na mwaka uliofuata akaandika kitabu kizima cha kumshitaki. Watu huku walikuwa wanapitishiana habari zake kwa kunong'ona.

1985 akarudi Kinshasa. 1986 Mobutu akamtuma kuwa balozi, na wapi? Washington! Mji ule ule, wazungu wale wale waliomsikiliza miaka mitano nyuma akisema bosi wake ni mwizi, sasa anawapa mkono na kuwaambia bosi wake ni rafiki wa Marekani. Mimi nikifikiria asubuhi ile ya kwanza, anafunga tai mbele ya kioo, roho inaniuma. Mobutu angeweza kumtupa jela tena, akaona heri ampe ubalozi, juu ubalozi ule ulikuwa unafuta kila neno alilosema. 1988 akapewa mambo ya nje mara ya nne.

Kwa hiyo nauliza, tumhesabu wapi? Mimi nasema 1977 hakuanguka, alisukumwa. Alianguka baadaye, na alianguka mwenyewe.

Fundi wa Katuba:

Miye nakataa kabisa. Unasema "alirudi" sawa vile mutu alienda ku soko akarudi. Weye ulishaka kulala mu boloko hata usiku moya? Ule mutu balimuhukumu kufa, mwenyewe alielezaka namna balimutesa mule ndani. Bazee banasema mukono usioweza kuukata, ubusu. Alibusu. Na nani mu Zaire hakubusu? Papa yangu alivaa abakosti, ile suti ya wakati wa Mobutu, na beji ya Mobutu hapa ku kifua miaka yote, si ku masomo tulikuwa tunaimba na kucheza juu ya chama mbele ya kuingia mu klasi, na usiku ku televizyo sura ya Mobutu inashuka toka mu mawingu sawa Mungu, na sisi tunaangalia tu. Sasa leo kila mutu eko shujaa ku simu. Uhamishoni kule ungekula nini? Miaka ine ya baridi, marafiki banapungua, batu ba kwenu banazikwa hauko. Miye namuhurumia.

Mtoto wa Kamalondo:

Kaka Fundi, nakusikia, na kuhusu jela sina neno, mtu aliyeteswa simhukumu kwa alichofanya ili atoke mule. Hata kurudi kwa 1979 nakubali, alikuwa bado mkononi mwa Mobutu. Swali langu ni miaka ya mbele, alipokuwa huru.

Mwanafunzi wa Kasapa:

Naomba niingie. Mnasahau kwamba Mobutu alifanya hivi kwa wote, siyo Nguza pekee. Leo waziri, kesho gereza, keshokutwa balozi, ili mtu yeyote asipate mizizi na kila mtu awe na deni kwake. Nguza alikuwa hodari kuliko wengi ndiyo maana alizungushwa kuliko wengi. Halafu 1990, vyama vilipofunguliwa, alianzisha chama chake, UFERI, akaingia upinzani, na 1991 alikuwa ndani ya Union Sacrée, muungano wa wapinzani, pamoja na Tshisekedi wa chama cha UDPS na Ileo wa PDSC, watatu hao ndio walikuwa matumaini ya nchi nzima. Na Katanga ilikuwa na malalamiko yake ya kweli. Shaba inatoka kwetu, pesa inaenda Kinshasa. Tangu wakati wa Wabelgiji kampuni ya madini ilileta wafanyakazi toka Kasai, eneo jirani, watoto wao wakasoma, wakapata vyeo, na mwenyeji akajiona mgeni kwao. Mtu wa kusema hayo kwa lugha ya siasa alihitajika. Msimpime Nguza kama vile alitoka kwenye nchi isiyo na maumivu.

Mwana Bukavu:

Huku kwetu tulifuata Konferansi ya Taifa, ule mkutano mkubwa wa kupanga demokrasia, kwa redio, mtaa mzima unasikiliza redio moja, mama zetu wanachambua sombe na sikio liko kwa hotuba. Siku waliposema imesimamishwa, jina tulilosikia ni la Nguza. Sisi hatukujua mambo ya Lunda wala ya 1977. Tulijua huyo ndiye aliyetuzimia redio. Samahani kama nawaudhi watu wa Katanga.

Mtoto wa Kamalondo:

Hauudhi mtu, ndugu, umegusa penyewe. Sikilizeni sasa.

Novemba 1991 Mobutu anamuita Nguza awe waziri mkuu. Hakuna pingu. Hakuna mahakama. Wenzake wa Union Sacrée wanamwambia usiende, anaenda, wanamfukuza. Tarehe 19 Januari 1992 serikali yake inasimamisha Konferansi, na moja ya sababu wanayotoa ni kwamba watu wa Kasai wamejaa mno mule ndani. Tarehe 16 Februari wakristo wa Kinshasa wanatoka makanisani, wana biblia na rozari mkononi, wanadai Konferansi ifunguliwe, askari wanawapiga risasi. Aprili inafunguliwa, Agosti inamchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na huku kwetu Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule, moto unawaka. Gavana alikuwa Kyungu wa Kumwanza, mtu wa UFERI ile ile, na vijana wa chama ndio walikuwa barabarani. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Likasi 1992, Kolwezi 1993, mamia ya maelfu wakafukuzwa kwenye nyumba walizozaliwa ndani yake.

Mwanafunzi, malalamiko ya Katanga ni ya kweli, baba yangu aliyasema mpaka anakufa. Lakini Nguza hakuwa mtu wa mtaani asiyejua maneno yanaenda wapi. Kazi yake ya maisha yote ilikuwa maneno! Balozi anakaa usiku kucha kwa sababu ya neno moja ndani ya barua, aweke "anasikitika" ao aweke "analaani", juu anajua neno hilo kesho litapeleka askari ao litarudisha askari. Mtu wa hivyo anaposema hadharani kwamba watu wa kabila fulani wamezidi, anajua amesema nini.

Na kuna hili linaloninyima usingizi. 1977 walimhukumu kifo kwa madai kwamba alijua jambo linakuja akanyamaza. 1992 alijua, kila mtu alijua, watu walikuwa wanalala kwenye vituo vya treni wazi wazi, na chama kilibaki chake, na 1993 akaingia serikali ya Birindwa, waziri mkuu aliyewekwa na Mobutu, kama naibu waziri mkuu na waziri wa ulinzi. Kwa hilo hakuna mahakama iliyomuita.

Mama wa Likasi:

Nimesoma toka mwanzo, nilitaka nipite bila kuandika lakini siwezi. Mimi nilizaliwa Likasi, baba na mama wamezaliwa huko huko, babu ndiye aliyetoka Kasai. Nilikuwa na miaka tisa. Vijana walikuja mchana, wengine nilikuwa nawajua, mmoja alikuwa ananirushia mapera toka juu ya mti. Tulilala kituoni wiki nyingi tukingoja treni. Mama alikuwa anapika bukari, ugali wetu, kando ya reli, alipata matofali mawili, la tatu likakosekana, akachukua pasi yake ya makaa akaiweka iwe figa la tatu. Sufuria lilikuwa linalalia upande mmoja na mama alikuwa analishika kwa kitambaa mpaka bukari iive. Hiyo pasi aliipenda sana. Mdogo wangu wa mwisho alikufa pale pale kwa kuhara, tulimzika hatukuweka hata jina.

Mimi sijui Nguza aliteswa namna gani, kama aliteswa Mungu amuone. Lakini msiniambie alibusu mkono kwa sababu hakuweza kuukata. Sisi tulikuwa mikono gani?

Fundi wa Katuba:

Mama, pole. Pole sana. Miye nilikuwa kijana mu ile wakati, hapa Lubumbashi, sikupiga mutu lakini nilipiga makelele kama bengine. Sikuwa nafikiria juu ya mutoto. Bado naona balimuonea Nguza mu 1977, hiyo sitabadilisha. Ile ingine nanyamaza.

Mwanafunzi wa Kasapa:

Mama, asante kwa kuandika. Nauliza tu kwa heshima, je tukimlaumu Nguza sana hatumpunguzii Mobutu? Yeye ndiye aliyemuweka pale, alijua ukiwagombanisha Tshisekedi na Nguza, yaani Kasai na Katanga, yeye atabaki juu. Na alibaki, mpaka 1997.

Mtoto wa Kamalondo:

Hatumpunguzii hata kidogo. Mobutu alijua kila mtu ana bei na udhaifu, na udhaifu wa Nguza ulikuwa hawezi kukaa nje ya chumba cha wakubwa. Alipokuwa nje Brussels alikuwa na sauti kubwa kuliko wakati wowote wa maisha yake, hana gari la serikali, hana bendera mbele, na bado Mobutu alimuogopa mpaka akataka arudi kwa gharama yoyote. Ile miaka minne ndiyo Nguza niliyempenda. Angebaki vile vile hata akaja kufa maskini kule, leo hapa tungekuwa tunaongea kingine. Akafia Kinshasa Julai 2003, hajafika miaka 65, na vijana wengi wa hapa hawajui hata jina lake, wanajua tu kwamba zamani kulikuwa na fujo na wangambo, yaani watu wa Kasai.

Mama wa Likasi, nilisoma maneno yako mara tatu. Jana jioni nikachukua simu nikaenda kwa yule mzee wa reli, nikamsomea kwa sauti kwenye baraza lake. Nilipofika kwa pasi akaniomba nirudie. Halafu akakaa kimya muda mrefu, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, kwamba alikuwa kazini kwenye zile treni. Alisema watu walipanda mpaka juu ya mabehewa ya mizigo, na kila waliposimama njiani kuna waliokuwa wanashusha mtu wao na kuchimba karibu na reli, haraka, juu treni haingoji. Akaniuliza wewe ulipanda mwezi gani. Anasema kama ni kabla ya mvua anaweza kukumbuka, sababu walikuwa wachache na alikuwa anawapa maji kwa galoni moja ya njano.

Ukitaka kumjibu, niandikie, nitampelekea.