Tupeane uzoefu: Fomula za kampaundi za ioni zilikuingiaje kichwani?

Wakuu, nafundisha kemia kidato cha pili, na kila mwaka mada hii ndiyo inayoligawa darasa. Wengi wamekariri "badilisha valensi", yaani namba ya huyu inakuwa idadi ya mwenzake, na inawafikisha mbali: aluminiamu 3, oksijeni 2, basi Al₂O₃. Wape sasa magnesiamu na oksijeni uone, watakuandikia Mg₂O₂ bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana siku hizi naanza na chaji: Mg²⁺ moja kwa O²⁻ moja, jumla sifuri. MgO, kwisha. Nyie mlielewaje?

#2
Mimi kilichonifungua macho ni kadi. Mwalimu wetu alikata maboksi: Na⁺ kipande cha sentimita 1, Ca²⁺ sentimita 2, Al³⁺ sentimita 3, na ioni hasi vilevile. Chanya unazipanga juu, hasi chini, mpaka mistari ilingane. Al³⁺ mbili zinafika 6, O²⁻ tatu zinafika 6. Unahesabu kadi, fomula unayo. Mdogo wangu nimemfundisha hivyohivyo na akashika jioni ileile.

#3
Namba ya Kirumi nayo isemwe mapema. Kwenye chuma(III) kloraidi, ile III ni chaji ya chuma, si idadi ya atomu zake. Kwa hiyo FeCl₃.

#4
Mabano jamani! Nauza pembejeo, na ninapomwelekeza binti yangu masomo natumia mfuko wa SA (mbolea ya sulphate of ammonia). Mfuko umeandikwa nitrojeni 21%. Alikuwa ameandika NH₄SO₄, nikamwambia tupige hesabu: nitrojeni 14 kwa jumla ya 114, tukapata kama 12%. Haiendani na mfuko! Akarudi kwenye chaji mwenyewe: NH₄⁺ ni 1, SO₄²⁻ ni 2, kwa hiyo amonia hizo lazima ziwe mbili: (NH₄)₂SO₄. Nitrojeni 28 kwa 132, ikaja 21%. Alifurahi mno.

#5
Mkuu #4, hapo sema amoniamu. Amonia ni NH₃, haina chaji, na mtihani hauna huruma na hilo. Ila njia yako ni nzuri sana.

#1
#4 asante, mfuko huo naingia nao darasani Jumatatu. Nani ana njia kama hiyo kwa mrututu? CuSO₄ wanaiweza, ila ile 5H₂O inayofuata nukta wananiuliza chaji yake iko wapi.